Sindano za kuondoa mikunjo ni tiba, zisitangazwe kama rangi ya kucha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyochapishwa katika ukurasa wenu wa urembo, iliyosifia sindano za kuondoa mikunjo ya uso, ambazo wengi huziita Botox hata pale dawa iliyotumika inapokuwa ya kampuni nyingine kabisa. Mwandishi alieleza kuwa hiyo ni huduma ya dakika chache, isiyohitaji kisu wala dawa ya usingizi, na kwamba mtu anaweza kuipata wakati wa mapumziko ya mchana kisha akarejea kazini. Hayo yote ni kweli. Kilichonishangaza ni kwamba katika makala nzima msomaji hakuelezwa kuwa kinachoingizwa chini ya ngozi yake ni sumu iliyopimwa, hakuambiwa ni nani anayestahili kuishika sindano hiyo, na hakudokezewa afanye nini iwapo siku chache baadaye ataanza kuona kila kitu kikiwa viwiliviwili.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imekuwa katika kitengo cha macho, mahali ambapo dawa hii ilitumika kutibu makengeza na kope zinazojikaza na kujifumba zenyewe kabla haijawa bidhaa ya urembo. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayeiogopa, wala sina ugomvi na anayetaka paji la uso wake liwe laini. Uso ni wake na fedha ni zake. Ugomvi wangu ni na wale wanaoiondoa dawa hii katika mikono iliyofundishwa kuipima na kuipeleka sebuleni na kwenye sherehe, na vilevile na magazeti yanayowasaidia kuitangaza bila kuuliza swali hata moja.

Sumu yenyewe hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake zimetapakaa katika udongo wa dunia nzima na ambaye hustawi mahali pasipo na hewa, kwa mfano ndani ya chakula kilichohifadhiwa vibaya kwenye mikebe au chupa. Ugonjwa unaotokana nayo, botulizimu, ulielezwa kwa kina na daktari Mjerumani Justinus Kerner mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya watu kupooza na kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Na mwaka 1895 Mbelgiji Émile van Ermengem alimgundua bakteria mwenyewe baada ya wanamuziki waliokula nyama ya nguruwe katika msiba kuugua, na baadhi yao kufariki. Kerner alikwisha kuwaza kwamba kitu kinachoweza kulegeza misuli kiasi hicho, kikitolewa kidogo sana, huenda kikawa dawa. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kwa wazo hilo kutimia. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco alianza kwa kuijaribu kwenye misuli ya macho ya nyani katika miaka ya 1970, na Desemba 1989 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kope zinazojikaza. Mikunjo ilikuja baadaye, na kwa bahati: daktari wa macho Jean Carruthers wa Vancouver, Kanada, aligundua kuwa wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza pia mikunjo ya katikati ya nyusi, naye pamoja na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1992. FDA iliidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002.

Nimeipitia historia hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo matangazo huliruka. Dawa hii ilipata heshima yake kupitia watu waliokuwa wakipima matone, wakirekodi kila kipimo na kuwafuatilia wagonjwa wao wiki hadi wiki. Usalama wake umo katika utaratibu huo. Ukiuondoa utaratibu, kinachobaki ndani ya kichupa ni kitu kilekile kilichowaua walaji wa soseji.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kuieleza. Msuli hujikaza pale neva, yaani mshipa wa fahamu, inapoutumia ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayohitajika ili kemikali hiyo iweze kutoka. Msuli unabaki mzima, lakini hausikii tena amri. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku tatu hivi au zaidi, hufikia kilele karibu na wiki ya pili, na hudumu kwa miezi mitatu au minne hadi neva irejeshe mawasiliano yake. Msomaji ashike jambo moja hapa: hakuna dawa ya kuirudisha nyuma kazi hiyo ikishafanyika. Wateja wengi huambiwa kuwa "ukiona hukupenda, tutarekebisha", na ahadi hiyo kwa kweli ni ya sindano za kujaza ngozi zilizotengenezwa kwa asidi ya hyaluroniki, ambazo zina kimeng'enya cha kuziyeyusha. Sindano ya sumu haina kimeng'enya chake. Husubiriwa tu hadi iishe yenyewe.

Sasa nije kwenye kipimo, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Kichupa halisi cha dawa hii kikiinuliwa kwenye mwanga, mtu asiyekijua anaweza kudhani ni kitupu, maana dawa imekaushwa na kubaki kama utando mwembamba chini ya glasi. Sumu iliyomo katika kichupa cha yuniti 100 cha bidhaa inayojulikana zaidi ni takribani nanogramu tano, yaani sehemu tano za bilioni moja ya gramu. Kichupa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kabla ya kutumika huchanganywa na maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, na kwa kuwa ndani yake hewa imenyonywa, sindano ya maji ikipenya kwenye kizibo, kichupa chenyewe hupaswa kuyavuta maji hayo; kisipoyavuta, kinatupwa, hata kama kimenunuliwa kwa bei ya kuumiza. Mchanganyaji hukizungusha taratibu bila kukitikisa kwa nguvu, huandika tarehe na saa, na maelekezo ya mtengenezaji yanataka kitumike ndani ya saa 24 kwa mgonjwa mmoja tu. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, kipimo kilichoidhinishwa ni yuniti 20, zikigawanywa katika sehemu tano, kila sehemu yuniti nne.

Mtu anayechanganya kwa kukisia anaweza kukosea mara mbili au mara kumi na asitambue, kwa sababu maji yale yale yasiyo na rangi yanaweza kubeba kipimo chochote. Aidha, yuniti za kampuni moja si yuniti za kampuni nyingine. Kuna bidhaa kadhaa zilizoidhinishwa katika nchi mbalimbali, na kila mtengenezaji hupima nguvu ya dawa yake kwa njia yake, kiasi kwamba anayechukua idadi aliyoizoea kwenye bidhaa moja na kuitumia kwenye nyingine anaweza kumpa mteja dawa pungufu au dawa nyingi kupita kiasi. Nimekutana na mabinti waliojifunza kuchoma sindano hizi kwa kozi ya siku chache ambao walijua kwa kichwa sehemu zote za kuchoma usoni, lakini nilipouliza wanaongeza maji kiasi gani, jibu likawa ni mstari waliouchora kwenye bomba la sindano. Mstari huo walielekezwa na aliyewauzia dawa.

Madhara ya kawaida yanajulikana na mengi hupita: michubuko, maumivu ya kichwa, uvimbe mdogo pale sindano ilipoingia, uso kutokuwa sawa pande mbili. Linalowaleta watu kwetu kitengo cha macho ni kope kushuka. Dawa iliyochomwa chini mno, au iliyosambaa, huufikia msuli unaoinua kope ya juu, na mgonjwa huja akiwa ameegemeza kichwa nyuma ili aone kupitia upenyo uliobaki, au akiwa anaishikilia kope kwa kidole huku akisoma fomu ya usajili. Ndiyo maana wanaofundishwa vizuri huambiwa waache angalau sentimita moja juu ya mfupa wa tundu la jicho. Yapo matone yanayoweza kuiinua kope hiyo milimita moja au mbili kwa kuuamsha msuli mwingine mdogo ulio jirani, lakini tiba halisi ni subira ya wiki kadhaa, na kwa dereva au fundi wa cherehani wiki hizo ni kipato kilichopotea. Ikichomwa shingoni ili kulegeza kano zinazojitokeza, hatari hubadilika sura, kwa kuwa misuli ya kumeza iko karibu, na mtu asiyeweza kumeza vizuri anaweza kupaliwa na chakula kikaingia kwenye mapafu.

Kuna pia watu ambao sindano hii haiwafai, au inawafaa kwa tahadhari kubwa tu. Mwenye ugonjwa wa miasthenia gravis, ambao hulegeza misuli kwa kuharibu mawasiliano yale yale kati ya neva na msuli, anaweza kudhoofika vibaya kwa kipimo ambacho mwingine hakihisi kabisa. Baadhi ya antibiotiki, jentamisini ikiwa mojawapo, huongeza nguvu ya sumu hii. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri, kwa kuwa ushahidi wa usalama kwao hautoshi. Daktari huyajua hayo kwa kuuliza maswali kabla ya kufungua kichupa. Kwenye sherehe ambako muziki unapigwa, watu wameshika glasi na marafiki wanapanga foleni kwa punguzo la bei, sijui ni nani atakayesema mbele ya wote kwamba anatumia dawa fulani au kwamba ana mimba ambayo hajaitangaza.

Niseme kwa haki kwamba dawa halisi, ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo cha urembo kilichoidhinishwa, ni nadra sana kuleta balaa. Mwaka 2009 FDA iliagiza bidhaa zote za aina hii zibebe onyo la juu kabisa kwamba athari ya sumu inaweza kusambaa mbali na mahali ilipochomwa, saa chache hadi wiki kadhaa baadaye, na kuleta udhaifu wa misuli, shida ya kumeza na shida ya kupumua. Taarifa nzito zilizosababisha onyo hilo zilihusu zaidi watoto waliokuwa wakitibiwa misuli iliyokakamaa kwa vipimo vikubwa. Wanaozitetea sindano za urembo hupenda kutaja jambo hili, nami nakubaliana nao. Lakini utetezi huo unamhusu aliyechomwa dawa halisi kwa kipimo halisi, na waliojaza wodi katika miaka ya karibuni si hao.

Mwaka 2004 huko Florida, Marekani, watu wanne walipooza vibaya baada ya kuchomwa sumu iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya utafiti wa maabara wala haikukusudiwa kwa binadamu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kichupa kimoja cha shehena hiyo kilikuwa na sumu ya kutosha kuua watu zaidi ya 14,000 endapo ingegawanywa sawasawa kwa sindano. Aliyeichoma hakuwa kinyozi. Alikuwa daktari ambaye leseni yake ilikuwa imesimamishwa, na hilo linatufundisha kuwa koti jeupe peke yake si kithibitisho. Mwaka 2023 watu zaidi ya 60 nchini Uturuki na katika nchi kadhaa za Ulaya waliugua botulizimu baada ya kuchomwa sumu hii kwenye ukuta wa tumbo la chakula ili wapungue uzito, wengi wao wakiwa wamechomewa Uturuki. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wanawake 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kuchomwa dawa bandia au na watu wasio na sifa, wengine majumbani, na 11 kati yao walilazwa. Baadhi ya vichupa bandia vilivyokamatwa viliandikwa yuniti 150, kiasi ambacho mtengenezaji halisi hajawahi kukifungasha. Na mwaka 2025, kati ya mwanzoni mwa Juni na katikati ya Julai, Uingereza ilihesabu watu 38 walioonyesha dalili za botulizimu baada ya sindano za urembo.

Katika nchi hizo kuna maabara, mifumo ya taarifa na akiba ya kingasumu, yaani dawa ya kuizuia sumu, na ndiyo maana tunaweza hata kuhesabu. Palipo na upungufu wa vitu hivyo, mgonjwa wa namna hii anaweza kuandikiwa kiharusi, au kuambiwa ana wasiwasi tu, na faili likafungwa.

Hapa ndipo ningependa gazeti lako lilisaidie jamii zaidi kuliko mahali pengine popote. Dalili za botulizimu huanzia juu na kushuka: kope zote mbili kulegea, kuona viwiliviwili au ukungu, mdomo kukauka, maneno kukokota, kumeza kwa shida, kisha shingo na mikono kuishiwa nguvu, na mwisho misuli ya kupumua. Akili inabaki timamu na mara nyingi hakuna homa, jambo linalowapotosha ndugu wakadhani ni uchovu. Anayeona dalili hizo baada ya sindano, iwe kesho yake au wiki mbili baadaye, aende hospitali siku hiyo hiyo, na asirudi kwa aliyemchoma kuomba ushauri. Kingasumu huikamata sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu. Ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva haiigusi tena. Kila saa inayopita kabla ya kuitoa ina maana ya misuli mingine inayopotea, na mgonjwa aliyechelewa anaweza kukaa kwenye mashine ya kupumulia kwa wiki nyingi akisubiri neva zake zijijenge upya.

Kinachowachelewesha wengi ni aibu. Mgonjwa huja na mumewe au mama yake, na mbele yao hataki kusema kuwa alichoma sindano usoni, hasa ikiwa alichomewa nyumbani kwa mtu na hajui hata jina kamili la huyo mtu. Wauguzi wenzangu wanielewe vibaya wakipenda, lakini tunachangia aibu hiyo tunapoguna na kutazamana pale anapojieleza. Mgonjwa aulizwe faraghani, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyouliza tarehe ya hedhi: amechomwa sindano yoyote ya urembo mwezi huu au uliopita, wapi kwenye mwili, na je, picha ya kichupa ipo kwenye simu? Swali hilo la mwisho linafaa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa watu hupiga picha za kila kitu kabla ya kupakia mtandaoni, na namba ya shehena iliyosomeka kwenye picha inaweza kuwaongoza wakaguzi hadi kwenye boksi zima kabla halijamalizika.

Kwa upande wa sheria, nchi kadhaa zimeanza kujitikisa. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 imeharamisha kumchoma mtu wa chini ya miaka 18 sindano hizi kwa ajili ya urembo katika eneo la England. Ni hatua nzuri, ingawa inachekesha kidogo kwamba ilihitajika sheria ya bunge kusema kuwa mtoto wa miaka 15 hana mikunjo ya kuondolewa. Matukio ya 2025 niliyoyataja yametokea huko huko, na yanaonyesha kuwa kumlinda mtoto bila kumbana mchomaji na mwingizaji wa dawa hakutoshi.

Najua gazeti haliwezi kukagua majokofu ya watu. Linaweza, hata hivyo, kukagua tangazo kabla ya kulichapisha. Katika toleo lile lile lenye makala niliyoitaja kulikuwa na tangazo la sindano hizo lenye namba ya simu na picha ya uso kabla na baada, bila jina la mtoa huduma, bila namba ya leseni, bila jina la dawa. Nakuomba, Mhariri, uweke utaratibu kwamba anayetaka kutangaza huduma ya namna hii katika kurasa zako alete jina lake kamili la kitaaluma na namba ya usajili wake, ataje dawa anayoitumia kwa jina lake, na akubali vyote vitatu vichapishwe ndani ya tangazo lenyewe ili msomaji aweze kuvihakiki kwa mamlaka husika. Atakayekataa, nafasi yake ipewe mwingine. Na mwandishi wa makala ile, ambaye kalamu yake ni nzuri na inasomwa na wengi, angetufaa sana kama angerudi na makala ya pili yenye dalili nilizoziorodhesha hapo juu, katika ukurasa ule ule wa urembo, kwa kuwa ndio unaosomwa na wanaoihitaji.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa macho na msomaji wa siku nyingi wa gazeti lako